Katoni ya Kusafirishia Chupa za Asali: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mjasiriamali anayefungasha asali kwenye chupa za kioo na kuituma mikoani kwa basi anapaswa kuchagua katoni akiwa analifikiria buti la basi, wala si rafu ya duka. Asali ni nzito kuliko maji: chupa ya nusu lita hubeba takriban gramu 700, hivyo katoni ya chupa 12 hupita kilo 8 kabla kioo chenyewe hakijahesabiwa, na juu yake hupangwa mzigo wa mtu mwingine.

Kwa kazi hiyo naiweka ya kwanza katoni ya matabaka matano, yaani karatasi tatu bapa zilizobana safu mbili za karatasi yenye mawimbi, ambayo unene wake mara nyingi hukaribia milimita 7. Bei yake huuma, lakini chupa moja ikipasuka huchafua lebo za zote zilizobaki. Kabla ya kulipa, chungulia ukingo uliokatwa: mawimbi yasimame wima katoni inapokaa, kwa kuwa hayo ndiyo nguzo zinazobeba uzito. Niliwahi kuletewa katoni ambazo mkataji, kwa kubana matumizi ya karatasi, aliyalaza mawimbi; zilipendeza machoni, ila zilibonyea ubavuni zilipopangwa tatu tu.

Ya pili ni ya matabaka matatu, ambayo inatosha chupa sita, au sabuni na viungo vikavu. Iwe hii au ile ya kwanza, dai vigawanyo vinavyofika shingoni mwa chupa, maana adui mkubwa wa chupa ni chupa jirani. Tikisa katoni ikiwa imefungwa. Ukisikia mgongano, jaza karatasi.

Ya tatu ni katoni zilizokwishatumika, zinazouzwa na wenye maduka. Ni rahisi, lakini iliyowahi kulowa hairudii nguvu yake hata ikikauka, kwa hiyo zibebe vitu vyepesi visivyovunjika.

Boksi la kadibodi nyembamba lenye picha nzuri naliweka nafasi ya mwisho: livutie mnunuzi dukani, ila likisafiri liwe ndani ya katoni.

Usiagize mamia kabla ya sampuli moja. Ijaze bidhaa halisi, ifunge kwa selotepu pana, kisha iangushe kwa kona kutoka usawa wa kiuno. Vipimo unavyompa mtengenezaji viwe vya ndani ya katoni, navyo uvichukue chupa ikiwa na kifuniko chake.