Ada ya Mlezi kwa Saa Ambazo Mtoto Yuko Shule ya Awali: Mwaka Wetu Mmoja, Coventry

Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi mwanetu hufikishwa kwa mlezi wake saa 1:30 asubuhi na kuchukuliwa saa 11:30 jioni. Ndani ya siku hiyo ya saa 10 zimo saa 3 ambazo hayupo kwa mlezi, bali yupo shule ya awali, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka hapo. Tathmini hii naiandika hasa kwa ajili ya saa hizo 3, maana ndizo zilizotusumbua kuliko jambo lingine lolote katika malezi ya mtoto huyu, na ndizo wazazi wenzangu Waswahili wa hapa Coventry, England, huniuliza kila tunapokutana: kwa nini umlipe mtu kwa muda ambao mtoto hayumo mikononi mwake?

Mlezi ninayemzungumzia ni yule ambaye hapa tumezoea kumwita chaildmainda, yaani mtu aliyesajiliwa kulea watoto wa watu nyumbani kwake mwenyewe. Hafanani na yaya anayekuja kwako, wala si kituo chenye wafanyakazi wengi. Wa kwetu ni mama wa Kiingereza wa makamo, mwenye nyumba ya kawaida yenye bustani ndogo nyuma, na amekuwa na mwanetu tangu akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Ada yake ni pauni 6 kwa saa. Kwa siku 4 za saa 10 tulikuwa tukilipa pauni 240 kwa wiki, nasi hatukuwahi kulalamika, kwa sababu kila tulichokipata kilikuwa na thamani ya fedha hiyo.

Mwanetu alitimiza miaka 3 mwezi Juni. Katika England kila mtoto hupata saa 15 kwa wiki za elimu ya awali zinazolipiwa na serikali, kuanzia muhula unaofuata siku aliyotimiza miaka 3, kwa wiki 38 za mwaka. Kwa hiyo wetu alianza Septemba, asubuhi 5 kwa wiki, saa 3:00 hadi saa 6:00 mchana. Haki hii ya saa 15 haiangalii kazi ya mzazi wala aina ya viza, na nasisitiza jambo hilo kwa sababu nimekutana na familia zilizodhani kwamba maneno ya kutotumia fedha za umma yaliyo kwenye viza zao yanamzuia mtoto, kumbe hayamzuii. Saa 30 ni habari nyingine: hizo ni za wazazi wanaofanya kazi, na penye wazazi wawili ni lazima wote wawili wawe na kipato kisichopungua kiwango kilichowekwa. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, lakini mume wangu ni mwanafunzi anayesoma Birmingham na kuondoka na treni ya asubuhi, kwa hiyo tulibaki na saa 15 tu.

Basi mimi, kwa hesabu yangu ya haraka, niliona nafuu kubwa inakuja. Ijumaa sifanyi kazi na nampeleka mtoto mwenyewe, lakini zile asubuhi 4 nyingine zilikuwa saa 12 kwa wiki ambazo mtoto angekuwa shuleni kwa gharama ya serikali. Saa 12 kwa pauni 6 ni pauni 72. Nilishaanza kuzipangia matumizi pauni hizo kabla sijamwuliza mlezi chochote, na hapo ndipo nilipokosea.

Ankara ya kwanza ya Septemba ilikuja na pauni 240 zile zile. Nilidhani amesahau. Ya pili ikaja hivyo hivyo. Nilipomwuliza mlangoni asubuhi, huku mtoto mwingine akilia nyuma yake, alinijibu kwa upole kwamba nafasi ya mtoto bado ni yake siku nzima na kwamba ndivyo anavyotoza. Niliufungua mkataba wetu usiku huo na kuusoma ukurasa kwa ukurasa. Ulieleza likizo, ugonjwa, kuchelewa kumchukua mtoto na gharama ya nepi, lakini juu ya shule ya awali haukuwa na hata neno moja, kwa sababu tuliuandika mtoto alipokuwa hajaanza hata kukimbia. Tulilipa ada kamili kwa wiki 7, hadi likizo fupi ya katikati ya muhula, yaani pauni 504 kwa saa ambazo mwanetu alikuwa kwa mwalimu.

Nilikasirika, na sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa fedha hiyo kwetu si ndogo. Hata hivyo mazungumzo tuliyofanya wakati wa likizo ile, tukiwa tumeketi jikoni kwake watoto wakiwa wamelala, yalinifanya nizielewe saa zile kwa namna nyingine, na ningependa kuyaeleza kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza kabla.

Mlezi wa England anayefanya kazi peke yake kwa kawaida haruhusiwi kuwa na watoto zaidi ya 6 walio chini ya miaka 8 kwa wakati mmoja, na kati ya hao wadogo wa chini ya miaka 5 wasizidi 3. Riziki yake yote ya mchana imo ndani ya nafasi hizo 3. Mwanetu akienda shule saa 3:00 asubuhi, nafasi moja hubaki wazi, lakini hubaki wazi kwa muda gani? Mlezi anamfikisha, anarudi nyumbani saa 3:15, na saa 5:45 anatoka tena kwenda kumchukua. Muda wake huru ni saa mbili na nusu. Ili aujaze angehitaji kumpata mzazi anayetaka mtoto wake alelewe katikati ya asubuhi tu, wakati wa kazi za alfajiri akiwa hamhitaji mlezi, na mchana akiwa tayari amekuja kumchukua. Wazazi wa namna hiyo ni wachache mno. Na endapo angeikodisha nafasi hiyo kwa mtoto wa kutwa, mwanetu angerudi kutoka shule saa 6:00 akakuta nafasi yake imekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwa nimeliwaza. Shule ikimtaka mtu aje, anayepigiwa simu ni nani? Mimi niko kazini nikimwogesha mzee wa watu, mume wangu yuko mji mwingine. Wiki ya pili ya Novemba mtoto alitapika darasani saa 4:30, na mlezi alikuwa mlangoni pa shule ndani ya dakika 20 akiwasukuma wenzake wawili kwenye kigari. Siku ambazo walimu wako kwenye mafunzo na shule imefungwa, mtoto hushinda kwa mlezi bila sisi kuhangaika. Kwa hiyo saa zile 3 hazikuwa tupu hata kidogo. Mtu fulani alikuwa akizilinda.

Nilikumbuka pia nyumbani, Tanga. Dada wa kazi hulipwa kwa mwezi, na mtoto anapoanza chekechea hakuna mtu anayemkata dada mshahara kwa sababu asubuhi nyumba imetulia. Tungeona ni dhuluma. Ni hapa tu, ambako malezi yanahesabiwa kwa saa, ndipo nilipoanza kumpimia mwenzangu dakika.

Lakini upande wangu nao ulikuwa na hoja, na nilizitoa. Katika saa zile mlezi hapiki chakula cha mwanangu, habadilishi nguo zake, hamsomei kitabu, hatumii vifaa wala joto la nyumba kwa ajili yake. Kulipa sawa na saa anazomlea kwa mikono yake mwenyewe si haki, na kutolipa kabisa si haki pia. Tulikubaliana nusu: pauni 3 kwa saa katika saa 12 zile, na pauni 6 katika saa 28 zilizobaki, zikiwemo dakika za kumpeleka na kumrudisha. Jumla ikawa pauni 204 kwa wiki za shule, na ada kamili ya pauni 240 katika likizo za shule, mtoto anaposhinda kwake siku nzima. Siku ya mafunzo ya walimu hugeuka kuwa ya ada kamili kwa saa zile 3. Haya yote yaliandikwa katika nyongeza ya mkataba, tukatia sahihi sote watatu. Pauni za wiki 7 za mwanzo hakuzirudisha, nami sikuzidai, ingawa bado naamini angetutumia ujumbe mmoja mwezi Julai tungeepuka kinyongo kile.

Kipengele kimoja nilikipigania na nashukuru nilifanya hivyo: kwamba akimpata mtoto mwingine wa kuijaza nafasi ile ya asubuhi, nusu ada yetu itaondoka kwa siku hizo. Mwezi Februari alimpata kweli, kwa asubuhi ya Jumanne peke yake, na tangu wiki hiyo ankara imeshuka hadi pauni 195 bila mimi kufungua mdomo. Mlezi anayekumbuka kukupunguzia kabla hujamkumbusha ni mtu wa kushikamana naye.

Kuhusu malezi yenyewe sina mengi ya kukosoa. Cheti chake cha usajili wa Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule na walezi, kimetundikwa ukumbini, ripoti yake ya ukaguzi tuliisoma mtandaoni kabla hatujamwendea, na cheti chake cha huduma ya kwanza kwa watoto, ambacho sheria inataka kihuishwe kila baada ya miaka 3, alitutolea siku ya kwanza kabla hatujakiomba. Tulipomweleza kwamba hatuli nyama isiyo halali, aliamua kumpikia mboga, samaki na dengu badala ya kutuhakikishia jambo ambalo asingeweza kulithibitisha. Mtoto wetu humwamkia kila asubuhi kwa shikamoo, naye amejifunza kuitikia marahaba, na huitikia kwa uzito wake, si kama mchezo. Kasoro yake ni mawasiliano ya fedha: ankara huja bila mchanganuo, na swali lolote la hela humfanya anyamaze kidogo. Nimejifunza kumwandikia badala ya kumwuliza mlangoni.

Kwa wazazi wanaoingia katika hali hii mwaka huu, yapo mambo ambayo ningeyafanya tofauti. Ningemwuliza mlezi juu ya shule ya awali siku ile ile ya kusaini mkataba wa kwanza, hata kama mtoto bado ananyonya. Ningeuliza ada ya saa za shule, nani anampeleka na kumrudisha, nini kinatozwa shule inapofungwa, na nini hutokea nafasi inapojazwa. Vilevile ningeuliza kama mlezi mwenyewe anapokea saa za serikali, kwa sababu walezi waliosajiliwa wanaweza kuzitoa, na mzazi anaruhusiwa kuzigawa kati ya shule na mlezi. Wale ambao baba na mama wote wanafanya kazi na wanastahili saa 30 wanaweza kutumia 15 shuleni na 15 kwa mlezi, na hapo hesabu yao itakuwa nyepesi mno kuliko yetu. Hao pia waulizie akaunti ya serikali ya malezi, ambayo huongeza pauni 2 kwa kila pauni 8 unazoweka, hadi pauni 500 kwa kila miezi 3 kwa mtoto mmoja. Ninazungumzia England peke yake. Scotland, kwa mfano, hutoa saa 1,140 kwa mwaka kwa kila mtoto wa miaka 3 na 4, na hilo hubadilisha mambo mengi.

Nikijumlisha wiki 38 za shule, ada ya saa ambazo mwanetu hakuwa kwa mlezi itakuwa imepita kidogo pauni 1,400, pamoja na zile za wiki 7. Nimeziangalia tarakimu hizo mara kadhaa. Sehemu ya kwanza bado inaniuma kwa sababu sikuafiki. Sehemu ya pili nimeilipa kwa moyo mmoja.

Septemba ijayo ataanza darasa la mapokezi, yaani la mwanzo kabisa la shule ya msingi, katika shule hiyo hiyo, na hatahitaji tena mlezi asubuhi nzima. Tumeshaomba nafasi ya kumchukua baada ya masomo, siku 4 kwa wiki, saa 9:15 alasiri hadi saa 11:30 jioni. Safari hii mlezi ndiye aliyeleta karatasi kwanza, ukurasa mmoja uliochapwa, na mstari wa kwanza kabisa umeeleza kinachotozwa siku ambazo shule imefungwa.