Siku nane Nice kwa mwendo wa pole: mchora matatu na muuza miche wanatoa hukumu

Wakala aliyetuuzia safari hii ana ofisi Westlands. Jina nitaliacha, maana kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu, na bado tuna jambo dogo la kumalizana. Alichotuuzia kiliitwa "Ufaransa kwa mwendo wa pole": siku nane pwani ya kusini, unalala mji mmoja tu, Nice, kila siku jumba moja la sanaa au bustani moja, hakuna kukimbizwa na basi la watalii. Aliyelipa ni binti yetu. Nilipoona hesabu nilinyamaza. Ni bodaboda nne mpya, na chenji ya kuweka mafuta.

Mimi nimechora matatu na mabango ya maduka miaka thelathini na miwili, karakana yangu iko Kariobangi. Mke wangu, Mama Njeri, anauza miche na maua kando ya Kiambu Road. Nawaambia mapema ili mjue macho yanayotoa hukumu hii ni ya watu gani.

Upande wa makaratasi ya viza, wakala apewe alama zote. Taarifa za benki, bima ya safari, barua ya binti, miadi ya alama za vidole, vyote vilikuwa tayari na tukamaliza kwa asubuhi moja. Hoteli je? Karatasi ilisema "hatua chache kutoka baharini". Nilizihesabu: mia nane themanini kwenda, na kurudi ni kilima. Chumba kilikuwa kisafi, hilo sitamnyima mwenye nacho.

Shida ilikuwa Jumanne.

Ratiba yetu ya Jumanne ilisema Musée Matisse, jumba la kazi za mchoraji Mfaransa Henri Matisse, kwenye kilima cha Cimiez hapo hapo Nice. Tukapanda basi, tukashuka, tukakuta mlango umefungwa. Mlinzi hakutuambia kitu, alinyoosha kidole tu kwenye neno moja ukutani: mardi. Ndiyo Jumanne yenyewe. Jumba la Matisse hufungwa kila Jumanne, na la mchoraji mwingine, Chagall, lililo chini ya kilima hicho hicho nalo hufungwa Jumanne. La mchoraji Picasso kule Antibes, mji wa jirani, hufungwa Jumatatu. Mtu anayeuza safari za majumba ya sanaa asijue hilo? Ni sawa na mimi nifike kwa mteja nimesahau brashi. Nikamwandikia kijana kwa WhatsApp, akajibu kwa mikono miwili iliyokunjwa ya kuomba msamaha, basi.

Lakini siku haikuharibika. Jumba lenyewe liko katikati ya shamba la mizeituni ya zamani, na bustani hiyo huingii kwa tiketi. Wazee walikuwa wanarusha mipira ya chuma kivulini. Mbele kidogo kuna bustani ya watawa yenye waridi, na Matisse mwenyewe, aliyefia Nice mwaka 1954, amezikwa makaburini hapo hapo. Mama Njeri alikaa karibu na yale mawaridi saa nzima, akiinama kuangalia yalivyopogolewa. "Baba Njeri," akaniambia, "hawa wanakata chini sana. Sisi tunaogopa mkasi." Nikamwacha, nikasinzia.

Jumatano tukarudi. Nyumba ni nyekundu, na baadhi ya madirisha yake yamechorwa tu ukutani. Ilibidi nisogee nijue lipi la mbao na lipi la rangi. Kazi safi. Ndani kuna pambo kubwa la karatasi, Fleurs et fruits, la miaka ya mwisho ya mzee alipokuwa anapaka karatasi rangi kisha anazikata kwa mkasi. Vijana wangu wanaokata stika za matatu wangesimama hapo wakope mawazo.

Chagall tulimwona Alhamisi: michoro 17 ya Biblia, jumba lililofunguliwa mwaka 1973 yeye mwenyewe akiwa hai. Mama Njeri aliipenda kuliko yote. Mimi bluu ilinizidi.

Kwangu safari yote ilikuwa Antibes. Ni mwendo mfupi wa treni kutoka Nice, na reli inafuata bahari. Picasso alipewa nafasi ya kufanyia kazi kwenye ngome ya mawe iliyo juu ya maji, mwaka 1946, vita vimeisha juzi na turubai hazipatikani. Akafanyaje? Akachukua vibao vya saruji, ndugu zake wale tuliokuwa tunaezekea mapaa zamani, na rangi ya mafuta ya kopo, Ripolin, ile ya kupaka milango na mashua. Jamani! Mimi miaka yote wasomi wa sanaa wananiambia rangi ya kopo si rangi. Nilisimama mbele ya La Joie de vivre nikiinamisha kichwa ili mwanga uipige kwa ubavu, na nikaiona michirizi ya brashi pale ambapo mkono wa pili ulipita kabla wa kwanza haujakauka. Kosa lile lile ninalowagombeza nalo vijana. Pia kuna mchoro wa mtu anayekula viumbe vya baharini vyenye miiba, na chini yake kuna picha kuukuu ya jenerali, Picasso alichora juu yake. Kwetu tungesema amefuta bango la zamani.

Kwenye jumba hilo hilo usipite bila kuona Le Concert ya mchoraji Nicolas de Staël. Kinanda cheusi, fidla kubwa ya besi, na nyekundu yenye upana wa basi. Alikufa mwaka 1955 hajaimaliza. Mama Njeri alinivuta mkono mara tatu.

Bustani ya Èze ndiyo iliyoleta kelele. Iko juu kabisa ya kijiji cha mawe, kwenye magofu ya ngome, na bahari inaonekana chini kama bati jipya. Unapanda, unahema, unalipa, halafu unakuta mimea ya nchi kavu: mpungate, mshubiri, na mikonge, yote imewekewa vibao vya Kilatini. "Nimetoka Kiambu Road kuja kulipia mkonge?" mke wangu akauliza, kwa sauti. Kisha akanyamaza, akaanza kupiga picha: si mimea, vibao. Na bogenvilia zilizofunika kuta kule chini, kumbe zimeitwa kwa jina la nahodha Mfaransa, Bougainville, ingawa asili yake ni Brazili.

Chakula: tafuteni socca, mkate mwembamba wa unga wa dengu, moto kutoka tanuri la kuni, unamwagiwa pilipili manga. Anayejua bajia atajisikia nyumbani. Ufuo wa Nice ni kokoto tupu, bebeni viatu vya mpira, la sivyo kaeni kwenye vile viti vya bluu vya kandokando ya bahari. Havilipiwi.

Nampa wakala nyota tatu. Angekuwa na nne kama angesoma siku za kufungwa kabla ya kuchapa ratiba, na kama angerudisha pesa za tiketi za ile Jumanne, ambazo mpaka leo "zinashughulikiwa". Mwendo wenyewe, kitu kimoja kwa siku na mchana kulala, mimi nautaka tena.

Mama Njeri ameshaweka vibao kwenye miche yake. Mkonge aliokuwa akiuza mia mbili sasa umeandikwa Agave, mkono wangu, rangi nyeupe ya kopo. Wiki jana mama mmoja wa Runda alinunua minne kwa mia nane kila mmoja na hakuomba kupunguziwa.