TAHADHARI: Jamaa wa "dawa ya unyevu" anayewawinda wenye nyumba za zamani

Jamani, mnaojikarabatia nyumba za zamani kwa mikono yenu, kuna muuzaji wa "dawa ya unyevu wa kuta" nawaomba mumkwepe. Jina la biashara yake sitaji, maana tangu nimjue ameshalibadilisha mara mbili, na kesho linaweza kuwa jingine. Bora niwaeleze mchezo wenyewe, ili hata akija na jina jipya na fulana ya rangi nyingine mumtambue.

Mimi si fundi. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa chokaa, kuta zake zina unene wa sentimita 35, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiirekebisha kidogo kidogo kila nipatapo nafasi. Milango nimeipachika upya, sakafu ya mbao ya chumba kimoja nimeing'oa na kuirudisha. Kilichonishinda ni ukuta wa sebuleni. Kuanzia chini hadi usawa wa goti rangi ilikuwa inavimba na kubanduka, na ukipitisha kidole kinabaki na unga mweupe wa chumvi. Nikaona tangazo lake kwenye simu: ukaguzi wa bure, dawa unapaka mwenyewe, ukuta mkavu ndani ya siku tatu, dhamana ya miaka 20. Nikampigia mwenyewe. Hilo nalikiri.

Alikuja nadhifu, ana adabu, anavua viatu mlangoni. Akatoa kifaa kidogo chenye sindano mbili, akakikandamiza ukutani karibu na sakafu. Taa nyekundu, mlio mkali. Akasogea hatua mbili, akakandamiza tena, mlio uleule. "Unaona kaka, asilimia 30 na ushee. Nyumba za zamani msingi wake hauna kinga, maji yanapanda kutoka ardhini. Ukikaa miezi mitatu bila dawa, huu ukuta unaanza kuachia." Mke wangu alikuwa amesimama pale, akaniangalia. Nadhani jamaa aliuona ule mtazamo kabla yangu.

Sasa sikilizeni kuhusu kile kifaa, maana ndicho kinachouza, dawa ni ziada tu. Kile ni kipimo cha unyevu wa mbao. Kinapitisha umeme mdogo sana kati ya sindano mbili na kusoma jinsi unavyopita kwa urahisi, kisha kinageuza jibu kuwa asilimia kwa hesabu iliyopangwa kwa ajili ya mbao. Ukikichoma kwenye tofali au plasta, ile asilimia haina maana. Mwenye kujua kazi anaweza kukitumia kulinganisha sehemu moja ya ukuta na nyingine, basi. Na chumvi hupitisha umeme vizuri, hivyo ukuta wenye chumvi unaweza kuwasha taa nyekundu hata kama maji yenyewe ni kidogo. Jamaa alipima pale tu penye unga mweupe. Hakupima juu, hakupima ukuta wa kati, hakutoka nje hata mara moja kutazama upande wa pili. Seremala ninayefahamiana naye ana kifaa kama hicho. Tulichukua tofali lililokuwa stoo, tukalipaka maji ya chumvi, tukaliacha siku kadhaa hadi likakauka kwa macho na kwa mkono, kisha tukachoma sindano. Lililia kama kengele ya mlangoni. Seremala alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Siku ile nililipa ndoo sita za lita 20, zote kabla ya kuletwa, kwa sababu ofa ilikuwa inaisha jioni ileile. Risiti aliniandikia kwa mkono kwenye karatasi isiyo na anwani. Ndoo zilipofika zilikuwa na lebo ya jina lake tu, imebandikwa juu ya lebo nyingine iliyokwanguliwa. Hakuna jina la kiwanda, hakuna tarehe, hakuna namba ya toleo, wala maelezo ya usalama. Bidhaa yoyote ya maana ya ujenzi inakuja na karatasi ya maelezo: ina nini ndani, inapakwa wapi, isipakwe wapi. Nilipomuuliza akasema fomula ni siri ya kampuni.

Na kuna jambo jingine aliloniambia ambalo linaniudhi kuliko hizo hela. Alinielekeza nikwangue rangi yote ya zamani kwa mashine ya msasa, kavukavu, "mpaka vumbi lote liishe". Nyumba ya umri ule! Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani yake, yale yenye sumu. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978 tu, na kuna nchi zilizochelewa zaidi ya hapo. Vumbi lake watoto wanalilamba vidoleni na linaharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Rangi usiyoijua lowesha kwanza, kwangua ikiwa mbichi, kusanya mabaki kwenye mfuko, watoto wawe mbali. Au ipimwe kabla hujaigusa. Bahati yangu mashine iliharibika siku ya kwanza.

Nikapaka, mikono mitatu kama alivyosema. Wiki tatu za kwanza ukuta uling'aa kama sahani. Nikampigia picha nikamtumia, pamoja na shukrani. Picha hiyo sasa iko kwenye tangazo lake. Ukiona sebule yenye dirisha la mbao la kijani na kiti cha kamba pembeni, hiyo ni kwangu, na ukuta huo leo hauko hivyo.

Wiki ya tano ukaanza kutoa malengelenge. Ukitoboa lengelenge, maji yanatoka. Kibaya zaidi, alama ya unyevu iliyokuwa usawa wa goti ilipanda hadi kiunoni. Hili lina sababu yake. Ukuta wa chokaa unapumua: maji yakiingia, hutoka taratibu kupitia usoni. Ukiuziba kwa kitu kisichopitisha hewa, maji hayafi, yanatafuta njia, na njia iliyobaki ni juu, pale ulipokomea brashi. Kwa hiyo dawa haikushindwa tu kuponya, iliongeza ugonjwa. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa hufanya kosa hilohilo, na nyumba nyingi za zamani zimeshavikwa plasta hiyo na mafundi wenye nia njema kabisa.

Nilipomlalamikia, jibu la kwanza lilikuwa kwamba nimepaka vibaya. La pili: nyumba ni ya zamani mno, inahitaji ndoo za "daraja la pili", anazo, anipunguzie. Nikamtumia picha ya karatasi ya dhamana. Akaniambia nisome mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, unasema dhamana inahusu kazi iliyofanywa na "fundi aliyeidhinishwa". Yaani anakuuzia dawa ya kujipakia mwenyewe, halafu dhamana inakufa siku unapojipakia mwenyewe. Baada ya hapo simu ikawa haipokelewi, na siku iliyofuata alishanizuia.

Nilichobaki nacho ni hasira na ndoo mbili ambazo hazijafunguliwa. Nikafungua moja. Nikapaka kwenye kigae, nikaacha kikauke siku mbili, kikawa kama kioo. Nikakitumbukiza kwenye maji usiku mmoja. Asubuhi lile tabaka lilikuwa jeupe, laini, linanata vidoleni, sawasawa na gundi nyeupe ya maseremala iliyolowa. Sina maabara, siapi ni kitu gani. Ila kitu kinachoyeyuka kwenye maji hakiwezi kuzuia maji. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na mngeweza kukifanya kabla ya kupaka ukuta mzima, tofauti na mimi.

Chanzo chenyewe nilikipata kwa kutoka nje na kuinama. Mwenye nyumba aliyetangulia alimwaga sakafu ya zege kuuzunguka ukuta ule, na zege hilo lilikuwa juu kuliko sakafu yangu ya ndani. Pembeni yake bomba linaloshusha maji ya mvua kutoka kwenye paa lilikuwa limeachana kwenye kiungo, nyuma kabisa, mahali ambapo huoni mpaka mvua inyeshe. Kila mvua ilikuwa inaumwagia ukuta maji moja kwa moja. Hakuna cha kupanda kutoka ardhini wala nini. Nilivunja ukanda wa zege upana wa sentimita 30, nikachimba mpaka usawa ukawa sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, nikajaza kokoto, nikaunga bomba. Kazi ya siku mbili na mgongo kuuma. Ndani nimebandua ule uchafu wote nikauacha ukuta wazi.

Nao haujakauka bado. Kanuni ya kukadiria wanayoitumia wengi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo wangu unahitaji mwaka na zaidi. Mtu anayekuahidi siku tatu, hata kama ana digrii, mrudishe mlangoni. Nikimaliza nitapiga plasta ya chokaa.

Nisije nikaeleweka vibaya: dawa za kweli za kuzuia maji yanayopanda zipo. Huwa ni krimu au kimiminika kinachoingizwa kwenye mashimo yaliyotobolewa kwa mstari ndani ya kiungo cha matofali, chini karibu na sakafu, na hufaa pale ambapo maji kweli yanapanda. Haipakwi usoni mwa ukuta kama rangi.

Kabla hujamwita yeyote, fanya hili. Kata karatasi ya foili ya jikoni, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasiwe na upenyo, iache siku moja au mbili. Ikilowa upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa ya ndani, yaani mvuke wa jikoni, bafu na nguo zinazoanikwa ndani, na tiba yake ni kufungua madirisha. Ikilowa upande wa ukutani, maji yamo ukutani, na hapo toka nje wakati mvua inanyesha, fuata maji kwa macho kuanzia paani.

Alama za huyu jamaa: anapima chini tu, hatoki nje, hela yote mbele, lebo juu ya lebo, na kila ukimuuliza swali anakujibu kwa umri wa nyumba yako. Nasikia sasa ameanza na "dawa ya mchwa" kwa ndoo za rangi ileile. Mwenye ndoo hizo aangalie chini ya lebo. Ya kwangu moja niliikwangua kwa maji ya moto na nimebakiza kipande cha maandishi ya asili. Mwenye kipande kingine anitumie picha, tuviunganishe tujue zilitoka wapi.