Vyombo vya zamani vya chai ya siagi ya Tibet: kipi ununue kwanza

Watu wakifika Kathmandu, Nepal, pale Boudha ambako Watibeti wengi wanaishi, macho yanaenda kwenye birika zinazong'aa. Mimi birika naiweka namba tatu, na naongea na yule anayetaka kuinywa hiyo chai, po cha kwa Kitibeti, sio kupamba kabati.

Namba moja ni bakuli la mbao, phorpa. Zamani kila mtu alikuwa na lake, anatembea nalo kifuani ndani ya joho. Yale mazuri huchongwa kwenye nundu la mti ndio maana nyuzi za mbao zimejisokota kama moshi. La zamani kweli ukingo wake umelainika kwa midomo, na weusi wa ndani umezama kwenye mbao, pitisha kitambaa chenye maji ya moto, kikitoka na rangi au kikinuka dawa ya viatu mrudishie mwenyewe.

Namba mbili dongmo, na hapa ndio watu wanapigwa. Ni pipa jembamba refu la mbao lenye pete za shaba na mchi wenye kibao cha duara chini, unamimina chai iliyochemka sana, siagi na chumvi unasukuma juu chini mpaka vishikane. Langu nilinunua bila kulijaribu, kufika nyumbani likavuja kila upande, maana mbao ikikaa miaka bila kazi inasinyaa. Nikalijaza maji siku mbili, likavimba maungio yakaziba, ila ufa mmoja karibu na kitako unadondosha mpaka leo. Maungio kuachana sio tatizo, ubao kupasuka ndio tatizo, kwa hiyo chungulia ndani na tochi. Nusa pia: lililofanya kazi linanuka siagi iliyochacha, hata ulioshe vipi. Vile vya futi moja ni pambo la watalii.

Birika sasa. Ya shaba nyekundu lazima iwe imetiwa bati ndani, kama sufuria za shaba za bibi zetu huku pwani, maana chai hii ina chumvi na shaba tupu inatoa kutu ya kijani ambayo ni sumu. Bati ikiisha, gharama ya kutia upya ikate kwenye bei.

Kichujio chukua kama chenji imebaki.

Halafu sheria jamani. Nepal na India hawaruhusu kutoa nchini vitu vya zaidi ya miaka 100, India ina sheria yake tangu 1972, na Nepal Idara ya Akiolojia ndio inakagua na kukupa cheti kwamba kitu chako sio cha kale. Muuzaji akikwambia kitu kina miaka 200 na airport hutasumbuliwa, moja hapo ni uongo. Tafuta vya miaka hamsini sitini, vimeshatumika vya kutosha, na cheti mkubaliane kabla hujatoa hela.