Kutoa animesheni kwenye Krita: uzoefu wangu

Nachora kwa Krita, programu ya bure ya kuchora, kwenye laptopu ya kawaida na kibao cha kuchorea cha bei nafuu. Kazi zangu nyingi ni animesheni fupi: nembo inayocheza, katuni za herufi za watoto wa chekechea, matangazo mafupi ya kuweka status. Uchoraji wa Krita umeshasifiwa na wengi, sina la kuongeza. Mimi nataka kuzungumzia kinachofuata ukishamaliza kuchora, maana hapo ndipo wengi wanapoikimbia wakiamini haitoi video. Inatoa, na vizuri sana. Ila kwenye Krita kuhifadhi ni kazi moja na kutoa, yaani kuigeuza kazi kuwa video au picha za kukabidhi, ni kazi nyingine, na asiyelijua hilo atahangaika.

Ukibonyeza Ctrl+S unapata faili la .kra. Hilo ndilo linalobeba leya zako (tabaka za mchoro), fremu zote (picha moja moja zinazofuatana), mpangilio wa muda na kasi. Ukihifadhi kama PNG au JPEG unapata fremu moja tu, ile iliyokuwa mbele yako wakati huo. PSD, faili la Photoshop, nayo inabeba leya lakini animesheni inaiacha nyuma. Kwa hiyo hata mteja akitaka nini, .kra haiguswi wala haifutwi, hata baada ya kulipwa. Hasa baada ya kulipwa, kwa sababu mabadiliko huwa yanakuja baadaye.

Jambo ambalo wachoraji wengi hawalijui: .kra kwa ndani ni zipu. Chukua nakala yake, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, ifungue. Utakuta mergedimage.png, yaani picha kamili ya fremu uliyoishia, pamoja na preview.png ndogo na data za leya zako. Faili likigoma kufunguka siku moja, angalau picha hiyo unaiokoa. Sauti hutaikuta humo. Krita inakumbuka tu mahali faili la sauti lilipo kwenye kompyuta yako, hivyo ukihamisha kazi kwenye flashi bila kuchukua sauti yake, utakachofungua kwa mwenzako kitakuwa bubu. Mimi kila kazi ina folda yake, na sauti inakaa humo humo tangu mwanzo.

Kuna kitufe kingine ninachokitumia kuliko Ctrl+S: Ctrl+Alt+S. Kinahifadhi toleo jipya lenye namba yake na kuliacha la zamani kama lilivyo. Diski inajaa, sikatai. Lakini mteja akisema ile ya juzi ilikuwa nzuri zaidi, ile ya juzi ninayo.

Sasa tuje kwenye kutoa. Ukienda menyu ya File kuna "Render Animation". Dirisha linalofunguka linakupa njia mbili, mfululizo wa picha au video, na chini yake unachagua fremu ya kuanzia na ya kuishia. Angalia hapo kwa makini, kwa sababu Krita inahesabu kuanzia 0. Sekunde moja ya fremu 24 inaishia kwenye fremu ya 23, na ukiandika 24 unaongeza fremu moja ambayo kwenye katuni inayojirudia inaonekana kama kigugumizi.

Zamani kutoa video kulimaanisha kwanza utafute FFmpeg, programu ya kutengeneza video, uifungue, kisha uielekeze Krita mahali ilipo. Hapo ndipo wageni walipokata tamaa. Tangu toleo la 5.2, lililotoka Oktoba 2023, FFmpeg inakuja ndani ya Krita yenyewe. Kama bado unatumia toleo la zamani, sababu hiyo peke yake inatosha kutoa bando lako ukapakua jipya.

Pamoja na hayo, kazi yoyote inayozidi sekunde chache siitoi moja kwa moja kuwa MP4. Naitoa kwanza kama mfululizo wa PNG, picha moja kwa kila fremu, na sababu yangu kubwa ni umeme. MP4 kwa kawaida huandika faharasa yake (orodha ya kilichomo na mahali kilipo) mwishoni kabisa, baada ya picha zote kuingia. Umeme ukikatika kabla ya hapo na betri ikiwa imechoka, unabaki na faili lenye ukubwa wa kutosha lakini hakuna programu ya kuchezesha video inayolisoma. Mfululizo wa PNG haukuangushi namna hiyo. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 180, zilizotangulia zipo kwenye folda nzima nzima. Umeme ukirudi unaifungua ile ya mwisho kuhakikisha haijakatika nusu, unaweka fremu ya kuanzia 180, unaendelea. Faida nyingine ni kwamba ukirekebisha jicho la mhusika kwenye fremu tano, unatoa hizo tano tu na kuziweka juu ya zile za zamani. Halafu PNG inabeba uwazi, kwa hiyo anayehariri video anaweza kuweka katuni yako juu ya picha zake bila mandhari nyeupe kuziba. MP4 ya H.264, ule mbano wa kawaida wa video, haina uwazi, usimwahidi mtu.

Kuziunganisha picha kuwa video unaweza kutumia programu yoyote ya kuhariri, au FFmpeg yenyewe kwa mstari mmoja:

ffmpeg -framerate 24 -i frame%04d.png -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p kazi.mp4

Hiyo %04d inamaanisha namba ya tarakimu nne, kama Krita inavyozitaja picha: frame0000.png, frame0001.png na kuendelea. Namba ya crf ndiyo inayoamua ubora na uzito. Ikishuka, picha inakuwa safi na faili linanenepa. Ikipanda, kinyume chake. Usipoiandika, x264 (ile libx264 kwenye mstari, inayotengeneza H.264) inachukua 23. Mimi 18 ni ya kumkabidhi mteja, 26 hivi ni ya kumwonyesha tu kazi inakwendaje. Neno yuv420p, linalotaja namna rangi zinavyohifadhiwa, nalo usiliache, bila hilo kuna simu zitakazokuonyesha kioo cheusi.

Kosa linalowatoa watu jasho zaidi linahusu vipimo vya turubai, yaani eneo la kuchorea. H.264 ya aina hii inataka upana na urefu vigawanyike kwa mbili. Ukikata turubai kwa mkono ikabaki 1081 kwa 1350, video haitoki, na ujumbe unaotokea ni wa kifundi, haukuambii kwa lugha nyepesi kwamba pikseli moja ndiyo inayokukwamisha. Nenda kwenye vipimo, fanya 1080, jaribu tena.

GIF watu wanaipenda mno, na mimi naitoa shingo upande. Kwanza ina rangi 256 tu kwa fremu, kwa hiyo anga ya jioni uliyoipaka taratibu kutoka chungwa hadi zambarau inageuka ngazi ngazi. Pili haina sauti kabisa, na bado kila mara kuna mteja ataniandikia, "Kaka, mbona haiongei?" Tatu, na hili ni la wanaojali mdundo, GIF inahesabu muda kwa sehemu za mia za sekunde. Fremu 24 kwa sekunde zinadai 4.17 kwa kila fremu, namba ambayo GIF haina, kwa hiyo fremu nyingine zinakaa muda mrefu kuliko wenzake. Kama najua tangu mwanzo kwamba kazi itaishia kuwa GIF, naichora kwa fremu 10, 20 au 25 kwa sekunde, na mwendo unatoka laini.

Kinachonikera ni kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM. Fremu moja ya 1920 kwa 1080, rangi za biti 8, ikifunguliwa inakula takriban megabaiti 8.3. Zidisha kwa 24, sekunde moja inakaribia megabaiti 200. Sekunde kumi ni gigabaiti mbili, na hapo hujahesabu leya zenyewe. Laptopu ya RAM gigabaiti 4 itatafuta pumzi. Kwenye mipangilio ya utendaji unaweza kuiambia Krita ihifadhi kwenye diski fremu inazoziandaa kwa kuchezesha animesheni na kupunguza ukubwa wake. Mambo yanakuwa mepesi, ila kama diski ni ya zamani ya kuzunguka, subira inahitajika. Kwa katuni ya dakika tatu nagawa kazi kwa vipande, kila tukio na .kra yake, kisha naviunganisha kwenye programu ya kuhariri. Wanaotaka kuchora filamu nzima ndani ya faili moja siwashauri.

Kuhusu bei, ukipakua kutoka krita.org hulipi chochote, na animesheni yako haipigwi muhuri wa mtu mwingine kwenye kona. Wanaiuza pia Steam na Microsoft Store. Programu ni ile ile, pesa inakwenda kusaidia utengenezaji wake. Linganisha na Clip Studio Paint PRO, nzuri sana kwa kuchora, lakini animesheni yake inakomea fremu 24. Kwa kasi ya kawaida hiyo ni sekunde moja, ukitaka zaidi ununue toleo lake la juu, EX. Krita ya Android ipo Play Store kwa tableti kubwa na Chromebook. Mwenye simu tu atafute nyingine.

Na ukishaitoa kazi, usiitume WhatsApp kama video ya kawaida ukategemea mteja aone ulichochora. Inabanwa, na mistari myembamba ndiyo inayoumia kwanza. Itume kama faili la hati, ifike ilivyo, halafu mwambie aipakue kabla ya kuanza kulalamika.