Kamera ya dashibodi: uliza waya kabla hujauliza bei

Malalamiko ya wasomaji, kuanzia Njiro na Sakina za Arusha hadi Moshi, yanafanana: kamera imefungwa jana, leo asubuhi gari haliwaki. Wote wanailaumu kamera. Mimi naulaumu waya.

Ukali wa picha siugusi, kila muuzaji atakueleza. Dukani hakuna anayeuliza hili: gari likishazimwa, nini kinaizuia kamera isiimalize betri?

Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6. Ikishuka 12.2 imebaki kama nusu, kwenye 11.8 usitegemee iwashe injini. Kamera inayolinda gari usiku hula kama ampea 0.3, yaani karibu ampea-saa 3.6 kwa saa 12. Betri nzima inalimudu hilo. Iliyochoka, kwenye baridi ya Arusha ya Juni na Julai, tena kwa gari la safari fupifupi za mjini lisilopata muda wa kuchaji, inakuacha getini. Ndiyo maana nasisitiza waya wenye kikata umeme, yaani kifaa kinachoizima kamera volti za betri zikishuka hadi kiwango ulichoweka, na kiwekwe 12.2 au zaidi.

Namba moja kwangu, na mapenzi yangu siyafichi, ni Viofo A119 Mini 2. Ndani ina kapasita, kifaa kidogo cha kutunza umeme, badala ya betri ya lithiamu, na kwa gari linaloegeshwa juani Moshi mchana kutwa hilo ni jambo kubwa, maana lithiamu ikipikwa huvimba. Waya wake, HK4, huja na nyaya tatu: njano kwenye fyuzi yenye umeme muda wote, nyekundu kwenye fyuzi inayopata umeme ukiwasha swichi, nyeusi kwenye bodi ya gari. Fundi akiziunga njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa muda wote, kamera itadhani gari linatembea usiku kucha. Mkatalie. Mkatalie pia akitaka kuchubua waya na kuzungushia solotepu. Kuna vishikio vya fyuzi vya kazi hiyo. Fyuzi za eabegi na breki zisiguswe, na kwenye nguzo ya mlango waya upite nyuma ya eabegi, kamwe usipite mbele yake.

Ya pili ni Vantrue N4, kwa wa teksi na wanaobeba watalii: inarekodi mbele, ndani na nyuma, nayo ni ya kapasita. Ni kubwa kidogo kwenye kioo. 70mai A500S naiweka ya tatu kwa sababu moja tu, betri ya lithiamu. Mwenye maegesho ya kivuli ataifurahia.

Zile za bei rahisi zisizo na jina, chomeka kwenye soketi ya kiberiti, uchomoe ukishuka.

Sasa wauzaji. Mnapiga picha ya kamera, chini mnaandika "bei njoo DM". Kwa nini? Mtu akija, anatajiwa bei kwa kuangaliwa gari lake. Kisha anauziwa kamera peke yake, bila kuambiwa kwamba waya wa kuungia unauzwa kando, na fundi wa jirani anakata kebo ya USB kuokoa jahazi. Kwenye duka linaloficha bei mimi sinunui kitu, na wasomaji wakiniuliza pa kwenda silitaji.