Kipimo cha maswali matano kwa wazee: maoni yangu baada ya kumpeleka mamangu

Kama una mzazi aliyepita miaka sabini na kila akilegea mnasema "ni uzee tu", mpeleke akaulizwe maswali haya matano ya kupima unyonge wa uzeeni. Mamangu aliulizwa katika kliniki ndogo huku Majengo anakopimwa presha, tukiwa twasubiri dawa. Hakuna sindano wala mashine, na hatukutozwa chochote juu ya ada ya daktari.

Dodoso lenyewe laitwa FRAIL. Huulizwa uchovu, kupanda ngazi bila kupumzika wala kushikwa, kutembea mita mia kadhaa, maradhi (orodha ina 11, na huhesabiwa yakifika matano), na uzito, kama umepungua zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Kila lenye tatizo huhesabiwa alama moja. Sifuri ni mzima, 1 au 2 yuko ukingoni, 3 kwenda juu ameingia kwenye unyonge wa uzeeni, na hapo homa ndogo au kuanguka mara moja kwaweza kumlaza kitandani moja kwa moja.

Lakini uzuri wake wategemea sana anayeuliza. Mamangu alipoulizwa kama huchoka, alijibu, "Alhamdulillah." Wazee wetu hata wakiwa taabani jibu ni hilo. Muuguzi hakuandika sifuri akapita. Alivuta kiti karibu, akamwambia, "Mama, hizi wiki nne zilizopita, umechoka wakati wote, wakati mwingi, mara mojamoja, au hukuchoka kabisa?" Mama akanyamaza, kisha akasema, "Wakati mwingi, mwanangu. Nikishaswali adhuhuri sina nguvu tena mpaka alasiri." Nyumbani hajawahi kututamkia hilo.

Kwenye uzito alisema hajakonda. Muuguzi akamwomba ainue mkono, na bangili zote zikateremka hadi karibu na kiwiko. Bangili hizo zamani hazikutoka bila sabuni! Kadi ya kliniki ikathibitisha: mwaka jana kilo 62, sasa 58. Ngazi anapanda mwenyewe, sokoni anafika, maradhi hayafiki matano. Jumla alama 2.

Yaliyoniudhi ni mawili. Maswali yaliulizwa kwenye benchi, watu wanasikia, na mzee mwenye haya hatasema kweli mbele ya majirani. Kando yetu kijana mmoja alimjibia babake kila kitu na hakuna aliyemzuia. Karatasi ile sidhani ina faida. La pili ni upungufu wa dodoso lenyewe: haliulizi kuanguka, kusahau, masikio wala upweke. Habari ya mama kuteleza bafuni niliitaja mimi.

Daktari alitueleza vizuri kwamba alama hizi si ugonjwa, ni ishara ya kutafuta sababu, na aliye ukingoni aweza kurudi nyuma akishughulikiwa mapema. Akapekua dawa zake zote, akasimamisha vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi alivyokuwa akijinunulia dukani, akaagiza damu ipimwe. Jioni mama alikuwa akila chai na mkate tu. Ameambiwa aongeze yai, samaki, mbaazi au kunde. Tena asimame na kukaa kitini bila kushika, mara kadhaa kwa siku. Hilo analifanya baada ya alasiri, mjukuu wake akimhesabia kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. Bangili bado zateremka, ila usingizi wa mchana umepungua na ameanza tena kujipikia.

Ningempeleka tena, na tutarudi. Wewe ukienda, lizungumzie dodoso hili mwenyewe maana si kila mzee huulizwa, na uombe chumba cha faragha. Beba kadi za zamani na dawa zote, za dukani na za kienyeji pia. Maswali yakianza, mwache mzazi ajibu mwenyewe.